Wezi wa Makaburi ya Thebes: Kuielewa Filamu ya Al-Mumiya

Filamu za kusaka hazina za kale tumezizoea kwa sura moja: ramani iliyochanika, pango lenye mitego, shujaa aliyetoka mbali na majambazi wanaomfuata kwa nyuma. Filamu ya Misri iitwayo Al-Mumiya, iliyoongozwa na Shadi Abdel Salam na kukamilika mwaka 1969, nayo ina hazina, mauaji, magendo na wapelelezi, lakini mpangilio wake ni mwingine kabisa. Hazina imekwisha kupatikana kabla hadithi haijaanza; wanaoitafuta ni watumishi wa serikali, na wanaoificha ni ukoo mzima ambao umekuwa ukiiuza kidogo kidogo ili upate kula. Nje ya Misri filamu hii hujulikana zaidi kwa jina la Usiku wa Kuhesabu Miaka.

Kwa maoni yangu hakuna filamu nyingine inayoukaribia wizi wa mali ya kale kwa uzito huu, na ndiyo maana inastahili kufafanuliwa kwa uangalifu. Imejengwa juu ya kisa halisi cha mwaka 1881, ikabadilisha mambo mawili makubwa ya kisa hicho, na jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ikaligusa juu juu tu. Mtazamaji asiyejua mambo hayo matatu anaweza kuinuka kitini akiamini kwamba waliowaibia wafu wa Thebes, mji wa kale uliokuwa mahali palipo Luxor leo, walikuwa wanakijiji maskini peke yao, na kwamba wizi huo ulikoma siku serikali ilipoleta meli. Ukweli una sura nyingi zaidi, na unaanza miaka elfu tatu nyuma.

Hadithi ya filamu

Filamu inaanzia Kairo, katika chumba ambamo msomi wa Kifaransa, Gaston Maspero, anawasomea wenzake maneno ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa sala za Wamisri wa kale za kumsaidia marehemu. Sala anayoisoma inahusu jina: marehemu anaomba asilisahau jina lake, kwa kuwa roho isiyokumbuka jina lake hutangatanga milele. Akimaliza, anawaeleza wenzake kinachowakusanya hapo. Vitu vya wafalme na makuhani wa Nasaba ya 21, ukoo wa kifalme wa miaka karibu elfu tatu iliyopita, vimeanza kuonekana sokoni, ilhali hakuna mtaalamu hata mmoja aliyewahi kuyaona makaburi yao. Kwa hiyo yupo mtu anayeyajua na amenyamaza. Kijana wa Idara ya Mambo ya Kale, Ahmed Kamal, anajitolea kwenda Thebes wakati wa kiangazi, msimu ambao wataalamu hawaendi huko kwa sababu ya joto, ili awakute wezi hawajajiandaa.

Kutoka hapo tunahamia ukingo wa magharibi wa Mto Nile, ambako kabila la Horabat linamzika mkuu wake, Selim. Maziko yakishakwisha, ami za wanawe wawili wanawapeleka vijana hao mlimani na kuwafunulia siri ambayo baba yao aliishi nayo: ndani ya mwamba kuna majeneza ya kale yaliyolundikwa, na kila riziki inapopungua, kabila huchota humo. Mmoja wa ami anaivamia maiti iliyokaushwa na kukata kidani chenye jicho la dhahabu mbele ya macho ya vijana. Kaka mkubwa anaikataa riziki ya namna hiyo, mama yake anamkana, na anapopanda mashua ili aondoke anauawa humo na mwili wake unatupwa mtoni. Mdogo wake, Wanis, anabaki peke yake na siri. Murad, dalali wa wezi, anamzunguka kwa vishawishi. Ayoub, mfanyabiashara anayenunua vitu hivyo, anasubiri mzigo wake. Na kijana anatembea kati ya nguzo na sanamu za Thebes bila kujua la kufanya. Mwishowe anakwenda kwenye meli ya maofisa na kumweleza Ahmed Kamal kila kitu. Majeneza yanatolewa usiku na kubebwa kwa msafara alfajiri hadi mtoni, huku watu wa kabila wakitazama kutoka mlimani.

Hakuna mbio wala milipuko. Waigizaji husema Kiarabu fasaha cha vitabuni badala ya lugha ya mitaani ya Kairo ambayo sinema ya Misri huitumia kwa kawaida, wanatembea polepole, na kamera huwaacha waonekane wadogo mbele ya mawe. Abdel Salam alisomea usanifu majengo, kisha akawa mbunifu wa mandhari na mavazi ya filamu za historia, na malezi hayo yanaonekana katika kila picha. Muziki ni wa Mwitaliano Mario Nascimbene, na mwongozaji maarufu Roberto Rossellini, ambaye Abdel Salam aliwahi kufanya naye kazi, alisaidia mswada wake ukubaliwe na wizara ya utamaduni. Mwendo huu wa polepole umewachosha baadhi ya watazamaji, lakini kwangu ndio unaoifanya dhambi ya kisa hiki ionekane: katika filamu ya mbio hatupati nafasi ya kumtazama maiti usoni.

Kilichotokea kweli

Horabat ni jina linalotumiwa na filamu. Ukoo wa kisa halisi uliitwa Abd el-Rassul, na ulikaa Qurna, kijiji kilichojengwa juu ya makaburi ya maofisa wa kale katika vilima vinavyotazamana na Luxor. Masimulizi ya kijiji yanasema kwamba mmoja wa ndugu wa ukoo huo, Ahmed, alikuwa akimtafuta mbuzi aliyetumbukia katika shimo lililofichika nyuma ya Deir el-Bahari, eneo la mahekalu chini ya vilima hivyo, na alipomfuata akakuta chini ujia uliojaa majeneza. Iwe mbuzi alikuwapo au hakuwapo, ni hakika kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1870 vitu vya Nasaba ya 21 vilianza kutoka Luxor na kwenda Ulaya: mafunjo (karatasi za kale zenye maandishi), sanamu ndogo za watumishi wa mfu, vyombo vya shaba. Mwaka 1876 ofisa mmoja Mwingereza, Campbell, alionekana na funjo zuri la kuhani mkuu Pinudjem. Kwa mtaalamu, funjo kama hilo lilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba kaburi la mwenyewe limefunguliwa.

Ndugu hao hawakuuza wenyewe moja kwa moja. Kati yao na wanunuzi alisimama Mustafa Agha Ayat, mfanyabiashara aliyekuwa wakala wa kikonsuli wa Uingereza, Ubelgiji na Urusi mjini Luxor, na nyumba yake ilikuwa ndani ya hekalu lenyewe la Luxor, kati ya nguzo za mafirauni. Cheo hicho kilimpa kinga: polisi wa Misri hawakuweza kumpekua wala kumshtaki, na Ahmed Abd el-Rassul alitegemea kivuli hicho hicho. Watalii walipomtembelea wakala, walikaribishwa vizuri kwa chakula na heshima, kisha wakaonyeshwa vitu. Mwandishi Amelia Edwards, aliyepita Luxor katika safari yake ya 1873 na 1874, anasimulia jinsi wageni walivyoshindana kununua mafunjo na maiti za kale, na jinsi wanawake wawili Waingereza walivyonunua maiti kwa bei kubwa, wakashindwa kuivumilia harufu yake, na baada ya juma moja wakaitupa mtoni. Huo ndio uliokuwa upande wa pili wa biashara ambayo Qurna ililaumiwa nayo.

Maspero alichukua uongozi wa Idara ya Mambo ya Kale mwaka 1881, baada ya kifo cha mwanzilishi wake, Auguste Mariette. Mwezi wa Aprili alimkamata Ahmed na kumhoji, Ahmed akakana. Akapelekwa Qena kwa mkuu wa mkoa, Daud Pasha, aliyejulikana kwa ukali wake, na huko akapigwa nyayo pamoja na kuteswa kwa njia nyingine. Wazee wa kijiji wakaletwa mbele ya mkuu wa mkoa, wakaapa kwamba Ahmed ni mtu mwaminifu asiyeweza kugusa mali ya kale. Baada ya miezi miwili akaachiwa.

Siri ilivunjikia nyumbani. Ahmed alirudi na makovu, akawadai ndugu zake nusu ya hazina badala ya fungu moja kati ya matano, akisema kwamba yeye peke yake ndiye aliyeumia kwa ajili ya wote. Ugomvi ukapamba moto, na kaka mkubwa, Mohammed, alipoona kwamba mmoja wao atasema siku yoyote, akaamua awe yeye wa kwanza. Tarehe 25 Juni 1881 alikwenda Qena akaungama. Alilipwa pauni 500 na kupewa kazi ya kusimamia walinzi wa makaburi yale yale.

Hapa ndipo penye badiliko la kwanza la filamu. Wanis hataki fedha wala cheo. Kinachomsukuma ni huzuni na aibu, na swali la nini atakula mtu asiyekula wafu wake. Mohammed alisukumwa na hofu, hesabu na hasira za kifamilia. Simlaumu Abdel Salam kwa badiliko hilo, kwa kuwa alitaka kuwauliza Wamisri wa wakati wake, waliokuwa wametoka tu kushindwa na Israeli katika vita vya 1967, wao ni nani na wana uhusiano gani na mababu wasioweza tena kuusoma mwandiko wao. Swali kama hilo haliwezi kubebwa na mtu aliyesaliti kwa pauni 500. Hata hivyo tunapaswa kujua kwamba serikali ilifika kwenye hazina kwa njia ya mateso na zawadi, na kwamba filamu imeyasafisha yote mawili.

Maspero mwenyewe alikuwa likizo Ufaransa siri ilipotoka. Aliyetumwa Luxor ni msaidizi wake, Mjerumani Émile Brugsch, akifuatana na Ahmed Kamal. Tarehe 6 Julai Brugsch aliteremshwa kwa kamba katika shimo lenye kina cha zaidi ya mita 10, akatambaa katika ujia uliobanwa na majeneza, na kwa mwanga wa mshumaa akasoma majina ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Misri anayajua: Seti wa Kwanza, Ramses wa Pili, Thutmose wa Tatu, Ahmose, Amenhotep wa Kwanza, malkia Ahmose-Nefertari. Miili ya kifalme na ya makuhani, zaidi ya 40 kwa jumla, ilikuwa imesongamana katika kaburi moja lisilo na pambo lolote ukutani.

Brugsch aliogopa kwamba kijiji kitawashambulia, akaajiri watu 300 na kulimaliza kaburi kwa siku mbili. Hakupiga picha humo ndani na hakuchora ramani ya mahali kila jeneza lilipokuwa, na kwa sababu hiyo wataalamu wamehangaika kwa zaidi ya karne moja kujaribu kujua nani alizikwa kando ya nani na kwa mpangilio gani. Hilo pia ni aina ya hasara, ingawa lilifanywa kwa nia ya kuokoa. Meli ilipoteremka Nile kuelekea Kairo, wanawake wa vijiji vya ukingoni walitoka na nywele zilizotimka wakiomboleza, na wanaume walipiga bunduki hewani, kama inavyofanywa katika maziko. Watu ambao ripoti za idara ziliwahesabu kuwa jamii ya wezi waliwalilia wafalme wao.

Kwa nini wafalme walikuwa shimoni

Mtazamaji makini atajiuliza kwa nini Ramses wa Pili, aliyechimbiwa kaburi kubwa katika Bonde la Wafalme, alikutwa katika shimo la familia ya kuhani. Filamu haina nafasi ya kulieleza jambo hili kwa urefu, ilhali ndilo linaloufungua mzizi wa kisa chote.

Kaburi la Misri ya kale lilikuwa na dhahabu, na walioyachimba makaburi walijua dhahabu hiyo ilikuwa wapi. Mwishoni mwa Nasaba ya 20, njaa, vita na malipo yaliyocheleweshwa viliufanya ujuzi huo uwe na bei. Katika mwaka wa 16 wa utawala wa Ramses wa Tisa, yaani karibu mwaka 1110 KK, mwashi mmoja wa Thebes aitwaye Amenpanufer alihojiwa kwa kupigwa, na maungamo yake yakaandikwa juu ya funjo ambalo tunalo hadi leo. Alisema kwamba yeye na wenzake walipasua mwamba kwa patasi za shaba hadi wakalifikia kaburi la mfalme Sobekemsaf na malkia wake, wakawakuta wamelala na hirizi nyingi za dhahabu shingoni, wakavua dhahabu yote, wakachoma moto sanda na majeneza, kisha wakagawana. Walikuwa watu wanane, na dhahabu ilikuwa deben 160 (deben ni kipimo cha uzito cha Misri ya kale), hivyo kila mmoja alipata deben 20, ambazo ni karibu kilo 1.8.

Sehemu inayonigusa zaidi katika maungamo hayo ni ile inayofuata. Amenpanufer anasema kwamba alikamatwa mara ya kwanza, akampa karani wa wilaya deben zake 20 zote, akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia kwa kumpa sehemu nyingine, wakaendelea kuiba. Miaka karibu elfu tatu baadaye, Ahmed Abd el-Rassul alirudi kutoka mahabusi akidai fidia kwa ndugu zake, na kinga ya wakala wa kikonsuli ilifanya kazi ambayo karani wa wilaya alikuwa ameifanya. Wizi wa makaburi haujawahi kusimama bila mtu wa ofisi aliyeufumbia macho.

Uvamizi ulipozidi, makuhani wakuu wa mungu Amun waliotawala Thebes wakati wa Nasaba ya 21 waliwaondoa wafalme katika makaburi yao, wakawafunga sanda upya, na kuwahamisha kutoka mafichoni hadi mafichoni. Juu ya sanda na majeneza waliandika kwa wino tarehe ya kila uhamisho na jina la aliyeusimamia, na maandishi hayo ndiyo yaliyomwezesha Maspero kumtambua kila mfalme. Kikundi kikubwa kikaishia katika kaburi la Pinudjem wa Pili na jamaa zake, ambalo lilifungwa katika karne ya 10 KK na kukaa kimya hadi Ahmed alipolifikia.

Ni kisa cha uaminifu, na filamu inakichukua hivyo. Lakini wataalamu walioichunguza miili hiyo na makaburi yaliyoachwa wazi wameona jambo lingine: dhahabu iliyopaswa kuwa juu ya wafalme hao ilikuwa imekwisha kuondolewa kwa utaratibu, na majeneza kadhaa yalikwanguliwa mabati yake ya dhahabu kwa uangalifu ambao mwizi wa usiku hana muda nao. Makuhani waliokuwa wakiwaokoa wafalme walikuwa pia wakiirudisha dhahabu yao katika hazina ya dola iliyofilisika. Ndiyo maana Abd el-Rassul hawakukuta vinyago vya dhahabu nzito kama kile cha Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilipatikana karibu zima mwaka 1922. Walichouza kwa miaka 10 kilikuwa mabaki ya wizi wa watu wawili waliowatangulia, mwashi na kuhani.

Sheria iliyomtenga mwizi na mnunuzi

Hapa ndipo penye fundo gumu zaidi. Muhammad Ali Pasha alitoa amri ya kupiga marufuku usafirishaji wa vitu vya kale nje ya Misri mwaka 1835, na Idara ya Mambo ya Kale ilianzishwa mwaka 1858. Kwa hiyo Abd el-Rassul walivunja sheria, na hakuna ubishi juu ya hilo. Lakini sheria hiyo ilikuwa na milango. Makonsuli wa Ulaya walikuwa na kinga. Wachimbaji wa kigeni wenye kibali walipewa mgawo wa walivyovipata, utaratibu uliodumu kwa miongo mingi na kuyajaza makumbusho ya London, Berlin, Paris na New York. Wafanyabiashara wenye leseni waliendelea kuuza hadharani, na makumbusho ya Kairo yenyewe yalikuwa na chumba cha mauzo ambamo mgeni aliweza kununua kitu cha kale na kupewa karatasi ya kukisafirisha. Biashara ya ndani ilifungwa kabisa kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983, zaidi ya miaka 100 baada ya kisa chetu.

Tunapoyaweka mambo haya pamoja, tunaona kwamba kitu kilekile, kikitoka katika kilima kilekile, kilikuwa magendo mkononi mwa mkulima wa Qurna, zawadi mkononi mwa konsuli, mgawo halali mkononi mwa mchimbaji mwenye kibali, na hazina ya ubinadamu kilipofika ndani ya kabati la kioo. Filamu inatuonyesha kiungo cha kwanza na cha pili cha mnyororo huu, yaani ami na Ayoub, kwa ustadi mkubwa, lakini mnunuzi wa mwisho hatumwoni uso. Hilo ndilo jambo la tatu nililolitaja mwanzoni, na naliona kuwa upungufu wa kweli. Kijana Wanis anateswa na swali la riziki haramu ilhali waliopanga bei ya riziki hiyo wako mbali, na hakuna anayewauliza lolote.

Badiliko la pili la filamu, kwa upande mwingine, naliunga mkono kwa moyo wote. Brugsch ameondolewa, na anayeongoza msafara ni Ahmed Kamal. Katika historia, Kamal alikuwa msaidizi tu, lakini usaidizi huo haukutokana na uhaba wa elimu. Alizaliwa mwaka 1851, akasoma lugha ya kale katika shule iliyofunguliwa Kairo mwaka 1869 na Heinrich Brugsch, kaka yake Émile, na wahitimu wa shule hiyo walipotaka kazi katika idara walikuta mlango umefungwa, kwa kuwa Mariette hakutaka Wamisri wajifunze kuyasoma maandishi ya mababu zao na kuichukua kazi yake. Kamal alipata nafasi yake chini ya Maspero, akafanya kazi hadi kustaafu bila kuupata uongozi alioustahili, na akaandika kamusi ya lugha ya kale yenye juzuu 22 kabla ya kufariki mwaka 1923. Alikuwa Mmisri wa kwanza wa zama zetu kuwa mtaalamu wa taaluma hiyo. Abdel Salam anapomweka juu ya meli ile, na kumfanya Wanis amweleze siri Mmisri mwenzake badala ya mgeni, anarekebisha dhuluma ambayo ripoti za wakati ule ziliiacha ilivyo.

Waliobaki mlimani

Kuhusu watu wa Qurna filamu inanyamaza baada ya meli kuondoka, na kisa chao kinahitaji kutajwa walau kwa ufupi. Mohammed aliendelea na kazi yake ya ulinzi, na mwaka 1891 aliionyesha idara kaburi jingine kubwa la makuhani wa Amun karibu na Deir el-Bahari. Katika miaka ya 1940 serikali, ikiwa imechoshwa na wizi, ilimwagiza msanifu majengo Hassan Fathy awajengee wanakijiji mji mpya tambarare. Fathy alijenga kwa matofali ya udongo, kwa ufundi unaosifiwa duniani kote, lakini wengi wa Qurna walikataa kuhama, kwa kuwa kazi zao za uongozaji watalii, uchimbaji na uchongaji wa sanamu za kuuza zilikuwa kilimani. Walihamishwa hatimaye kuanzia mwaka 2006, tingatinga zilipobomoa nyumba zao. Abdel Salam aliwapa heshima kwa kuwaonyesha kama watu wenye fikra na huzuni. Alichokosa kuwapa ni shamba, kodi na deni, ambavyo ndivyo vilivyomfanya mtu wa ukingo wa Nile wa karne ya 19 ashuke shimoni na mshumaa.

Wafalme nao hawajatulia. Mwili wa Ramses wa Pili ulipelekwa Paris mwaka 1976 kutibiwa ukungu uliokuwa ukiula. Mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha miili ya wafalme katika makumbusho ya Kairo kifungwe, akiona kwamba si heshima kuwaweka wafu watazamwe, na kikafunguliwa tena mwaka 1994. Tarehe 3 Aprili 2021 miili 22, ya wafalme 18 na malkia 4, ilipitishwa katika barabara za Kairo kwa gwaride la taifa hadi makumbusho mapya ya Fustat, na kadhaa kati yao walikuwa wale wale waliolala katika shimo la Deir el-Bahari.

Anayetaka kuitazama filamu atafute nakala iliyokarabatiwa mwaka 2009 na maabara ya Bologna kwa msaada wa mfuko wa sinema ulioanzishwa na Martin Scorsese, kwa kuwa nakala za zamani zimefifia kiasi cha kuua rangi za alfajiri ambazo Abdel Salam na mpiga picha wake, Abdel Aziz Fahmy, walizisubiri kwa makusudi. Akiitazama, aiangalie sala ile ya mwanzo huku akijua habari za malkia Nodjmet, mmoja wa waliokutwa katika kaburi hilo. Kitabu cha Wafu kilikuwa nakala ya mtu binafsi, iliyoandikwa jina lake na kuwekwa karibu na mwili wake ili aitumie huko aendako. Mwili wa Nodjmet ulichukuliwa na meli ya Brugsch na uko Misri. Mafunjo yake yalikuwa yamekwisha kuuzwa na ndugu wa Qurna. Leo yamo katika British Museum, London, na kipande kingine kiko Louvre, Paris. Maungamo ya Amenpanufer pia yalikatwa vipande viwili katika biashara hiyo hiyo, nusu ikiwa Brussels na nusu New York, na nusu ya Brussels ilitambuliwa mwaka 1935 tu, ilipokutwa imefichwa ndani ya sanamu ndogo ya mbao.